Nimeona picha ya mchumba wa mdogo wangu akiwa jela. Nimwambie?

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala mji wangu, maana huku tuliko Waswahili tunajuana wote. Naishi mji mdogo hapa Iowa, nimeolewa, nina watoto watatu, na nafanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Kwetu ni Fizi, Kongo. Tulikimbilia Tanzania, tukakaa Nyarugusu miaka mingi, na mdogo wangu wa mwisho alizaliwa kulekule kambini. Baba alifariki kabla hatujapata safari ya kuja Marekani. Mama tuko naye, lakini sukari imemchosha. Kwa hiyo huyu mdogo wangu nimemlea mimi. Mikutano ya shule nilikwenda mimi, karatasi zake nilisaini mimi.

Sasa ana miaka 24, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na amepata mchumba. Ni kijana wa kwetu, dereva wa lori, anaimba kwaya na ana adabu mbele ya wakubwa. Alituma mshenga, wazee wakakaa, na sehemu ya mahari ilikwisha kutumwa kwa baba mdogo aliyebaki Nyarugusu. Ukumbi tumelipia. Kitambaa cha sare kimeshonwa.

Juzi mwenzangu wa kazini akanitumia skrinshoti kwenye WhatsApp. Ni picha ya mwanamume kasimama mbele ya ukuta wa kijivu, chini yake jina, urefu, uzito, tarehe ya miaka minne iliyopita, na jina la kaunti moja ya mashambani, hapahapa Iowa lakini mbali na tulipo. Kisha neno la kosa. Nilitafsiri kwa simu, nikapata kwamba ni kumshambulia mtu wa nyumbani. Jina ni la shemeji mtarajiwa. Uso naona ni wake, ingawa kwenye picha amekonda na ndevu zimejaa.

Nilitafuta ukurasa wa sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa kaunti ile. Kuna orodha ya watu walioko jela, na picha zao, lakini yeye hayumo. Nikapiga simu jela. Aliyepokea alisema hawana mtu huyo, akakata kabla sijamaliza swali. Nikatafuta jina lake tena, nikakuta kurasa nyingine zinazosema zina habari zake zote nikilipa kwa kadi. Sikulipa. Sijui kama alifungwa, kama aliachiwa, kama alisingiziwa. Najua alishawahi kuishi na mwanamke kule, kwa sababu mwenyewe alituambia waliachana. Hakusema waliachanaje.

Shangazi, kuna jambo jingine. Dada yetu mkubwa aliolewa kambini na mtu aliyekuwa akimpiga. Wazee walimwambia avumilie, ndoa ni kuvumilia. Alivumilia mpaka akapoteza jicho. Nilikuwa msichana mdogo, ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kujiosha. Tangu nione ile picha nikilala naliona lile jicho.

Mume wangu anasema niache, atamwita wazungumze kiume. Mama nilimwambia nusu tu, akanijibu nisibomoe nyumba ya mwenzangu kabla haijajengwa. Mwenzangu wa kazini anasema lisemwalo lipo, na kwamba nisipomwambia bibi harusi mpaka mwisho wa mwezi atamwambia yeye. Mimi nataka kwanza nijue ukweli. Huo ukweli unapatikana wapi kwenye kaunti ya mashambani ambako sina mtu? Na nikiupata, nimwambie nani?

Dada mlezi, Iowa

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Uliyemlea ukiona anaelekea mahali ambapo dada yako aliumia, usingizi hauji, na sitakuambia uache kuogopa. Woga wako una sababu ya kweli na ina sura ya mtu unayemjua.

Naona umeniletea maswali mawili yaliyoshikana. La kwanza ni nini kilitokea usiku ule miaka minne iliyopita. La pili ni nani anastahili kujua, na ajulishwe na nani. Unataka kumaliza la kwanza ndipo uanze la pili. Huenda isiwezekane, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu nimefanya ukalimani mahakamani kwa muda na nimeona karatasi hizi zinavyosema na zinavyonyamaza.

Hiyo picha hupigwa saa za mwanzo kabisa. Polisi akimkamata mtu, hata polisi wa mji mdogo, kwa kawaida humpeleka jela ya kaunti, ambayo iko chini ya sherifu. Pale anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anapimwa urefu na uzito, na kosa linaandikwa kama askari alivyoliona. Hakimu bado hajamwona. Kwa kawaida atamwona ndani ya saa 24. Baadaye mwendesha mashtaka wa kaunti anaweza kulibadilisha kosa, kulipunguza au kuliacha kabisa. Kwa hiyo ulichotumiwa kinakuambia kwamba usiku fulani mtu fulani aliingizwa jela kwa tuhuma fulani. Kilichofuata hakimo humo.

Tena kwa kosa hili Iowa ina jambo lake. Askari akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu wa nyumbani ameumizwa mwilini, sheria inamtaka amkamate anayeonekana kuwa mshambuliaji mkuu. Haimruhusu kuwapatanisha na kuondoka. Sheria hiyo imeokoa wanawake wengi. Lakini askari anaamua palepale mlangoni, na kwenye kaunti za mashambani, saa nane za usiku, mara nyingi hakuna anayejua Kiswahili. Anayeweza Kiingereza zaidi ndiye anayesikika, na nimeona mtoto wa miaka tisa akifanywa mkalimani wa ugomvi wa wazazi wake.

Hapo usishushe pumzi haraka. Nimeona pia kesi zinazokufa wakati kipigo kilikuwa cha kweli kabisa. Mwanamke anarudi kusema hataki kuendelea kwa sababu kodi ya nyumba inalipwa na yule bwana, au kwa sababu wazee wamemjia usiku. Dada yako mkubwa angesimama mbele ya hakimu, unafikiri wazee wale wangemwacha aseme? Kwa hiyo ukikuta imeandikwa kwamba kesi imefutwa, usisome kwamba hakupiga. Ukikuta alikamatwa, usisome kwamba alipiga.

Tuje kwenye kutafuta. Kwanza, una hakika ni yeye? Wewe mwenyewe umetoka kambini, unajua ni wangapi kati yetu wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na majina yetu yalivyogeuzwa, la baba likawa la kwanza na la mtoto likawa la ukoo. Kwenye mfumo wa Marekani jina na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vinavyomtenga mtu na mwingine, na kwetu sisi vyote viwili vimechanganyika. Picha inasaidia, lakini umesema mwenyewe kwamba amekonda na ndevu zimejaa, na uliiangalia ukiwa tayari umeshaambiwa ni nani.

Kutomkuta kwenye orodha ya sherifu hakukuambii kitu. Orodha ile ni ya walioko jela leo, na baadhi ya kaunti huongeza walioingia siku chache zilizopita. Mtu akitoka, jina linatoka. Tena si kila kaunti ya Iowa ina jela yake. Nyingine hupeleka mahabusu kwa jirani, kwa hiyo jina la jela na jina la kaunti ya kesi yanaweza kutofautiana. Skrinshoti yako bila shaka imetoka kwenye moja ya zile kurasa za biashara ambazo hukusanya picha hizi kutoka kwa masherifu na kuziacha hapo miaka na miaka, bila kuandika kesi iliishaje. Nyingine hudai pesa ili ziondoe picha, tabia iliyopigwa marufuku na majimbo kama Georgia na California. Ulifanya vizuri kutolipa.

Mwisho wa kesi unatunzwa mahakamani. Iowa ina kaunti 99, na tovuti ya mahakama za jimbo, Iowa Courts Online, hukuruhusu kutafuta jina katika zote kwa mara moja bila malipo. Jaribu jina katika kila mpangilio na kila tahajia unayoijua. Utaona namba ya kesi, kosa, na jinsi ilivyoamuliwa. Maelezo ya askari na hati nyingine hutaziona hapo. Kwa hizo itabidi uende kwenye jengo la mahakama la kaunti, kwa karani wa mahakama, ambako kuna kompyuta ya umma. Huhitaji kueleza sababu yako. Karani atakuonyesha kumbukumbu ila hatakupa ushauri wa sheria, na ukitaka nakala utalipa kidogo. Ikiwa kwenye kesi kuna zuio, yaani amri ya hakimu ya kumkataza asiwasiliane na yule mwanamke, litaonekana. Katika mashtaka ya aina hii hakimu hulitoa mwanzoni kabisa akiona kuna sababu ya kuamini kosa lilitendeka, kwa hiyo nalo si hukumu.

Na usipokuta kitu? Kunaweza kuwa na maana kadhaa. Labda si yeye. Labda hakushtakiwa. Labda kesi ilifutwa naye akaomba ifungwe isionekane, jambo ambalo sheria ya Iowa imeruhusu tangu 2016, zikipita siku 180 na akiwa amelipa gharama za mahakama. Au hakimu aliahirisha hukumu, akampa muda wa kuangaliwa, akatimiza masharti, na kesi ikaondolewa machoni pa umma. Hiyo ya mwisho kwa kawaida huanza na mtu kukiri kosa. Unaona, mwanangu, ukurasa mtupu unaweza kumficha mtu asiye na hatia na mtu aliyekiri, na wewe ukiwa kwenye kiti chako huwezi kuwatofautisha.

Kuna njia nyingine, idara ya upelelezi wa jinai ya jimbo. Mtu yeyote anaweza kuomba kumbukumbu za mtu kwa dola 15 kwa kila jina la ukoo. Lakini bila idhini iliyosainiwa na mhusika, hawatoi habari ya kukamatwa kulikotokea zaidi ya miezi 18 iliyopita kama matokeo ya kesi hayajulikani. Na hawatoi hukumu iliyoahirishwa ikamalizika. Akisaini yeye mwenyewe, unapata picha pana zaidi. Ndiyo maana nasema huenda ukweli unaoutafuta upande huu haufikiki mpaka yeye aufungue.

Njia moja naomba uiogope: kumtafuta yule mwanamke waliyeachana. Najua umeifikiria. Kama aliumizwa, huenda amehama ili asipatikane, na swali lako likipita kwa watu watatu wa kwaya litamfikia asiyetakiwa kujua alipo. Kama kuna zuio, unaweza kuwa daraja la kulivunja. Mwache.

Sasa swali la pili, ambalo naliona ndilo zito. Katika barua yako yote umechukulia kwamba mdogo wako hajui. Umejuaje? Ana miaka 24, anaongea na huyu kijana kila siku, huenda alishaambiwa jambo hili zamani na akaliweka moyoni kwa sababu anaijua hadithi ya dada yenu na anaogopa uso wako. Kama ni mkimbizi, kijana huyu kwenye fomu za uraia ataulizwa kama aliwahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa, na anatakiwa ajibu kweli. Watu waliopita kwenye swali hilo mara nyingi walishajifunza kulisema. Ukianza na "nimegundua", na yeye anajua, utakuwa umemsukuma aanze kumtetea. Unaweza kuanza na swali dogo zaidi: mchumba wako alishakuambia kuhusu kuachana kwake na yule wa kwanza?

Unaweza kuamua kungoja mpaka uwe na karatasi kamili mkononi. Faida yake ni kwamba hutamchafua mtu bure. Hatari ni siku zinazopita, na kwamba akijua baadaye ulikuwa unachunguza nyuma yake, atakuuliza kwa nini umlee halafu usimwamini. Unaweza kumwonyesha skrinshoti leo pamoja na yote usiyoyajua, ukisema wazi kwamba huyajui. Hiyo inampa yeye nafasi ya kuuliza mwenyewe, naye ndiye mwenye haki ya jibu. Lakini inaweza kumwumiza kwa jambo ambalo kesho litaonekana halikuwa la mchumba wake. Kati ya hizo mbili wewe unamjua mdogo wako, mimi simjui.

Kuhusu mume wako kumwita kijana wazungumze kiume, nia yake naiheshimu. Nauliza tu: wakikubaliana wanaume wawili kwamba mambo yamekwisha, mdogo wako atakuwa amesikia nini? Tena, kama kijana huyu kweli ana mkono mwepesi, kuambiwa kwamba familia ya mwanamke inamchunguza kunaweza kumletea mdogo wako hasira wakiwa wawili peke yao kwenye gari. Akiitwa, ni vizuri bibi harusi ajue kwanza. Na Mama hakukosea kuona kwamba maneno haya yanaweza kubomoa. Yakitoka kwenda kwa wazee na kanisani kabla ya kuthibitika, na yakiwa si kweli, kijana huyo hatayavua. Kama hajawa raia, sifa ya namna hiyo si ya mchezo pia, maana hukumu ya kumpiga mwenza ni moja ya sababu zinazoweza kumfanya mtu arudishwe alikotoka.

Kama ni kweli, na mdogo wako akamwuliza, asikilize anavyojibu. Wapo wanaosema "nilimpiga, nilikamatwa, nilipelekwa darasa la kujirekebisha, haya ndiyo niliyobadilisha." Wapo wanaosema mwanamke alikuwa kichaa, polisi walionea, na swali lenyewe ni dharau. Jibu la kwanza halimhakikishii mtu usalama, na la pili linaweza kutolewa hata na aliyesingiziwa kweli kwa sababu bado lina uchungu. Ila kuna mambo ambayo mdogo wako anaweza kuyaona kwa macho yake bila karatasi ya mahakama. Anashika simu yake? Anamchagulia marafiki? Anakasirikaje akiambiwa hapana? Na yuko tayari kwenda naye kwa karani, au kusaini ile idhini, ili waisome pamoja? Mahari na ukumbi vilivyolipwa visiingie kwenye swali hili. Harusi inaweza kuahirishwa, na pesa ya ukumbi si kitu mbele ya hayo.

Akitaka kuongea na mtu asiye wa ukoo wala wa kanisa, simu ya taifa ya msaada kwa waliomo kwenye ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, saa zote, bila malipo. Aseme tu "Swahili" watamtafutia mkalimani. Si lazima awe amepigwa ndipo apige. Mtu mwenye shaka juu ya mchumba anapokelewa. Nawe pia, kwa ajili ya lile jicho unaloliona usiku, unaruhusiwa kupiga. Mzigo huo uliubeba ukiwa mtoto na sioni mahali uliposema kuna aliyekusaidia kuutua.

Amebaki yule mwenzako wa kazini na siku alizokuwekea. Mwambie umepokea na unalishughulikia, na kwamba habari ya familia yako itasemwa na familia yako. Mwulize na yeye aliipata wapi na ameshawatumia nani. Kama imeshazunguka, mdogo wako ataiona kwenye simu ya mtu mwingine wakati wowote, na hapo hesabu ya kungoja inabadilika. Ongea na huyo mwenzako kabla ya zamu ya kesho, halafu uniandikie alichosema.

Shangazi